"Ni Uzee Tu": Historia ya Onyo Lililo Katika Damu na Wajibu Wetu kwa Wazee

Wengi wetu katika usharika tunamkumbuka mama mmoja mzee aliyekuwa akikaa benchi la pili, upande wa dirishani. Mwanzoni mwa mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, alianza kula kidogo. Siku ya pili hakutaka kutoka kitandani. Siku ya tatu alimwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Hakukohoa. Tulipomgusa paji la uso hakuwa na joto. Sisi tuliokwenda kumtembelea tulisali naye, tukaimba, na tulipotoka nje tukaambiana maneno ambayo kila mmoja wetu ameyasema mara nyingi: ni uzee tu. Siku ya tano alipelekwa hospitali akihema kwa shida, na jioni ile ile Bwana akamchukua. Alikuwa na miaka 81.

Hatuandiki haya ili kumtafuta mkosaji. Kama yupo, basi ni sisi sote. Tunaandika kwa sababu baada ya msiba ule baadhi yetu tulianza kuuliza na kusoma: je, kulikuwa na dalili ambayo macho yetu hayakuiona? Jibu tulilolipata ni historia ndefu ya watu waliojifunza kuisoma damu ya mgonjwa kabla hatari haijaonekana usoni pake. Ni historia ya sayansi, lakini ndani yake kuna swali la imani ambalo kanisa haliwezi kulikwepa: tukishaonywa kwamba mzee fulani yuko hatarini, tunafanya nini na onyo hilo?

Damu iliyosimamishwa katika mrija

Watu wa Mungu wa Agano la Kale walijua kwamba damu na uhai haviachani. Sura ya 17 ya kitabu cha Mambo ya Walawi inaviunganisha viwili hivyo, na ndiyo maana damu haikuchezewa. Waganga wa Kiyunani nao waliitazama damu kwa namna yao. Waliiacha ikae katika chombo, wakaangalia inavyojitenga matabaka, na kwa hayo wakasema habari za ugonjwa. Mengi waliyoyasema hayakuwa sahihi, lakini jambo moja walilishika: damu ya mgonjwa haikai kama damu ya mtu mzima wa afya.

Jambo hilo lilipata kipimo cha hakika mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1918, mjini Stockholm nchini Sweden, daktari Robin Fåhraeus aliona kwamba damu ya wanawake wajawazito ikisimamishwa katika mrija, chembe nyekundu huzama chini upesi kuliko za watu wengine. Mwanzoni alidhani amepata njia ya kutambua ujauzito. Alipoendelea kuchunguza aliona kwamba hata kwa wagonjwa wengi chembe huzama upesi. Mwaka 1921 Msweden mwenzake, Alf Westergren, alitumia njia hiyo kuwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu. Kipimo chenyewe ni rahisi: damu husimamishwa katika mrija mwembamba, na baada ya saa moja mtaalamu wa maabara husoma chembe zimeshuka milimita ngapi. Hospitali zetu hukijua kwa herufi ESR, na wapo wazee wetu waliopimwa hivyo miaka mingi iliyopita bila kuambiwa maana yake.

Maana yake ni hii. Mwili unapopigana na ugonjwa, protini fulani huongezeka katika majimaji ya damu. Protini hizo huzifanya chembe nyekundu zishikamane kama sarafu zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kwa kuwa fungu ni zito kuliko sarafu moja, huzama haraka. Kwa hiyo mrija ule ulisema jambo ambalo mgonjwa mwenyewe huenda hakulisema: ndani ya mwili huu kuna vita.

Lakini kipimo hicho kilikuwa na udhaifu mmoja unaotuhusu. Hupanda chenyewe kadiri mtu anavyozeeka. Daktari aliyepata namba kubwa kwa bibi wa miaka 80 aliweza kusema kwa urahisi yale yale tuliyoyasema sisi mlangoni, kwamba ni uzee tu. Ilihitajika dalili iliyo wazi zaidi.

Kutoka New York hadi Osaka

Dalili hiyo ilipatikana mwaka 1930 katika hospitali ya Taasisi ya Rockefeller, New York. Zama hizo nimonia iliua watu wengi, wazee kwa vijana, na dawa za antibiotiki zilikuwa bado hazijaanza kutumika. Madaktari wawili, William Tillett na Thomas Francis, walichukua majimaji ya damu ya wagonjwa wa nimonia na kuyachanganya na kitu kilichotolewa katika bakteria wa ugonjwa huo, walichokipa jina la sehemu C. Majimaji ya mgonjwa mahututi yaligeuka ukungu. Mgonjwa alipopata nafuu, ukungu haukutokea tena. Wengine waliofuata walitambua kwamba kilichosababisha ukungu ule ni protini, wakaiita kwa jina ambalo leo hufupishwa kuwa CRP.

Baadaye ilifahamika kwamba protini hii hutengenezwa na ini, na kwamba haihusu nimonia peke yake. Mtu mwenye afya huwa nayo kidogo sana, kwa kawaida chini ya miligramu 10 katika lita moja ya damu. Akipatwa na maambukizi makali inaweza kupanda kupita 100 kwa siku moja au mbili. Lakini ini hupata wapi habari kwamba kuna vita?

Sehemu kubwa ya jibu ilitoka Japani. Mwaka 1986 watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka, wakiongozwa na Tadamitsu Kishimoto na Toshio Hirano, walitangaza kwamba wameitambua jeni ya mjumbe mmoja wa mwili ambaye sasa huitwa intaliukini-6. Seli zikiona adui humtuma mjumbe huyo, naye akifika kwenye ini, ini huanza kutengeneza CRP. Mjumbe huyu ni mwema akitumwa kwa kiasi. Akitumwa kupita kiasi, moto uliowashwa kumchoma adui huiteketeza nyumba yenyewe.

Mwaka 2000 mtafiti Claudio Franceschi wa Italia na wenzake waliongeza jambo jingine. Walieleza kwamba mwili wa mzee mara nyingi huwa na moto mdogo unaowaka siku zote, hata pasipo ugonjwa unaoonekana. Sisi tungesema ni makaa yaliyo chini ya majivu. Kwa sababu hiyo namba ya damu ya mzee haifai kulinganishwa na ya kijana wa miaka 20. Inafaa ilinganishwe na namba yake yeye mwenyewe ya mwezi uliopita au mwaka uliopita. Kwa maneno mengine, kuisoma vizuri damu ya mzee kunamtaka mtu awe anamjua mzee huyo tangu kabla hajaugua. Hilo ni somo la maabara, lakini mchungaji au mzee wa kanisa yeyote atalitambua kuwa ni somo lake pia.

Makao ya wazee mwaka 2020

Katika nchi za Magharibi wazee wengi dhaifu huishi pamoja katika makao maalumu. Kwetu makao ya namna hiyo ni machache, na wazee wengi huzeekea mikononi mwa watoto na wajukuu. Lakini habari za makao yale si za watu wa mbali. Wapo watoto wetu wanaofanya kazi huko, wakiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu wengine, na walikuwa kazini wakati ugonjwa ulipoingia.

Tarehe 28 Februari 2020, mkazi mmoja wa makao ya wazee katika mji wa Kirkland, jimbo la Washington nchini Marekani, alithibitishwa kuwa na UVIKO-19. Hadi tarehe 18 Machi, watu 167 waliohusiana na makao yale walikuwa wamethibitishwa: wakazi 101, watumishi 50 na wageni 16. Kati ya wakazi wale 101, 34 walifariki. Ni kama kuwapanga wazee watatu watatu na kumzika mmoja katika kila kundi.

Makao mengine ya eneo lile yalitoa fundisho zito zaidi. Wakazi 76 walipimwa virusi wote, bila kungoja dalili. Arobaini na wanane walikuwa na virusi. Kati ya hao, 27 siku ile ya kupimwa hawakuwa na dalili yoyote. Wengi wao, 24, waliugua baadaye, nusu yao katika siku nne za kwanza. Kama watumishi wangetegemea kugusa paji la uso, wangewapita wazee hao 27 na kusema wako salama.

Jambo hili halikuwa geni kabisa kwa wataalamu. Ilijulikana kwamba joto la kawaida la mzee dhaifu mara nyingi liko chini kidogo kuliko la kijana, na kwamba kinga yake iliyochoka huchelewa kuwasha homa. Miaka mingi kabla ya UVIKO-19 miongozo ya kitabibu ya Marekani ilishauri kwamba kwa mkazi wa makao ya wazee, joto lililozidi nyuzi 37.8 litoshe kumtilia shaka. Ilijulikana pia kwamba ugonjwa kwa mzee mara nyingi huja kwa sura nyingine: kuanguka, kukataa chakula, kuchanganyikiwa, kulala mchana kutwa. Tukisoma orodha hiyo tulimwona mama yetu wa benchi la pili.

Nchini Uingereza, katika Machi na Aprili 2020, wagonjwa walihamishwa kutoka hospitali kwenda makao ya wazee ili kupisha vitanda, na wengi hawakupimwa. Miaka miwili baadaye, tarehe 27 Aprili 2022, Mahakama Kuu ilitamka kwamba sera ile ilikuwa kinyume cha sheria kwa sababu haikuzingatia hatari ya mtu asiye na dalili kuwaambukiza wengine. Hukumu ilikuja wakati waliohusika zaidi walikwisha kuzikwa.

Namba zilizozungumza

Wakati hayo yakitokea, madaktari waliirudia damu. Mwezi Machi 2020 yalichapishwa matokeo kutoka hospitali mbili za mji wa Wuhan, China, ya wagonjwa 191, ambao 54 kati yao walifariki. Watafiti walitafuta ni kitu gani kilichowatofautisha waliofariki na waliopona tangu siku ya kwanza. Waliona umri mkubwa, waliona dalili za viungo vya mwili kuanza kushindwa kazi, na waliona kipimo cha damu kiitwacho D-dima. D-dima ni vipande vinavyobaki damu iliyoganda inapoyeyushwa. Kikiwa juu, kinaonya kwamba damu inaganda mahali isipopaswa.

Huko Uingereza, Septemba 2020, watafiti waliokusanya habari za wagonjwa kutoka hospitali 260 walitoa njia ya kukadiria hatari ya kufariki kwa mambo manane yanayopatikana kitandani pa mgonjwa: umri, jinsia, idadi ya magonjwa mengine, kasi ya kupumua, oksijeni, hali ya fahamu, na vipimo viwili vya damu, yaani urea na CRP. Kila jambo lina alama zake, na jumla ya juu kabisa ni 21.

Hapa tulisimama na kuhesabu. Mtu wa miaka 80 au zaidi hupewa alama 7 kwa umri peke yake, kabla sindano haijamgusa. Theluthi moja ya alama zote ameshazibeba kwa kuwa tu amejaliwa siku nyingi. Hatulaumu hesabu hiyo, kwa maana ni kweli kwamba ugonjwa ule uliwaua wazee kuliko vijana. Lakini angalia kinachofuata. Wazee wawili, wote wa miaka 81, wakilala vitanda jirani, huanza na alama 7 sawa. Kinachowatenganisha ni pumzi zao na damu zao. Mmoja CRP yake iko chini ya 50 na urea yake iko chini ya 7, na kwa vipimo hivyo haongezewi alama yoyote. Mwingine CRP imepita 100 na urea imepita 14, naye huongezewa alama 5. Umri uliwafanya wote wawili kuwa "wazee". Damu ikamwonyesha kila mmoja kuwa mtu mwenye hali yake.

Hilo ndilo tunalotaka msomaji alishike kuliko mengine yote. Neno "ni uzee tu" humfuta mtu na kuacha umri. Kipimo kizuri hufanya kinyume chake: kinamtoa mtu katika kundi na kumweka mbele yetu, ili aangaliwe yeye.

Tena namba hizo hazikubaki kuwa habari tu. Juni 2020 jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY lilitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, hupunguza vifo kwa wagonjwa wanaohitaji oksijeni. Mwaka 2021 jaribio hilo hilo lilionyesha faida ya tosilizumabu, dawa inayomzuia yule mjumbe wa Osaka asifikishe ujumbe wake. Waliochaguliwa kuijaribu walikuwa wagonjwa wenye upungufu wa oksijeni ambao CRP yao ilikuwa 75 au zaidi. Kati ya waliopewa dawa hiyo juu ya matibabu ya kawaida walifariki 31 katika kila 100. Kati ya wasiopewa, 35. Tofauti ni watu wanne katika mia, na kila mmoja wa hao ana jina mbele za Mungu. Hivyo ukungu ulioonekana New York mwaka 1930 ulisaidia, miaka 91 baadaye, kuonyesha ni nani apewe dawa.

Jambo jingine liligunduliwa katika taasisi ile ile ya New York, ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha Rockefeller. Mwaka 1957 Alick Isaacs na Jean Lindenmann walikuwa wamegundua jijini London kitu kinachoitwa intaferoni, mlinzi wa kwanza wa mwili dhidi ya virusi. Mwaka 2020 Paul Bastard, Jean-Laurent Casanova na wenzao kutoka nchi nyingi walichunguza wagonjwa mahututi 987 wa UVIKO-19, wakakuta 101 kati yao wana kingamwili zinazomshambulia mlinzi huyo. Ni askari wanaomfunga mikono mlinzi wao wenyewe. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba kingamwili hizo zipo kwa takriban watu 4 katika kila 100 wenye umri unaozidi miaka 70 ambao hawajaambukizwa, na kwamba zinahusika na karibu moja ya tano ya vifo vya UVIKO-19. Mzee wa namna hiyo hula, hucheka na huja kanisani. Hakuna ajuaye, wala yeye mwenyewe, ila damu yake.

Hata wazee wa makao walipata nafasi yao katika utafiti. Huko Uingereza utafiti ulioitwa VIVALDI ulichukua damu katika makao 100, kwa wakazi 682 na watumishi 1,429, kisha ukawafuatilia kuanzia Oktoba 2020 hadi Februari 2021. Wakazi ambao damu yao ilionyesha kingamwili za maambukizi ya awali walikuwa na hatari ndogo ya kuambukizwa tena, pungufu kwa asilimia 85. Wazee waliokuwa wamefungiwa milango waliulizwa, walipimwa, na jibu lao likawafaa wengine.

Alama juu ya karatasi

Lakini tusifanye haraka kusifu namba. Kanisa lina kumbukumbu ya kutosha kujua kwamba alama inayotumika kumwokoa mtu inaweza pia kutumika kumwacha.

Tarehe 6 Machi 2020, hospitali za kaskazini mwa Italia zilipozidiwa, chama cha madaktari wa usingizi na wagonjwa mahututi cha nchi hiyo kilitoa mwongozo uliosema kwamba huenda ikalazimu kuweka kikomo cha umri kwa wanaoingizwa chumba cha wagonjwa mahututi. Hatuwahukumu madaktari wale. Walikuwa na vitanda vichache kuliko wagonjwa, na wengi wao walilia. Mwaka uliofuata, Machi 2021, tume inayokagua huduma za afya na malezi huko Uingereza ilieleza wasiwasi wake kwamba baadhi ya maamuzi ya kutojaribu kumrudishia mgonjwa uhai moyo ukisimama yalifanywa bila wagonjwa wala familia zao kuhusishwa.

Washarika wa Usambara na Buhaya wanalijua jina la Bethel, kwa kuwa Misheni ya Bethel ilikuwa miongoni mwa waliopanda Injili katika milima na vijiji vyao, na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lutindi ni sehemu ya urithi wa kazi hiyo. Huko Ujerumani kwenyewe, Bethel ilikuwa na ni mji wa kuwatunza wagonjwa wa kifafa, wa akili na wasiojiweza. Mwaka 1940 serikali ya Hitler ilituma fomu. Kila mgonjwa aandikwe ugonjwa wake na kama anaweza kufanya kazi. Madaktari waliotumikia Berlin, wasiomjua mgonjwa wala kumwona, walisoma fomu na kuweka alama. Alama nyekundu ya kujumlisha ilikuwa na maana ya kifo. Hadi Agosti 1941 watu zaidi ya 70,000 waliuawa kwa mpango huo.

Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, aliyekuwa kiongozi wa Bethel, alikataa fomu zile zisijazwe. Mchungaji Paul Gerhard Braune wa Lobetal aliandika waraka wa kuupinga mpango mwezi Julai 1940, na Agosti akakamatwa. Hatupaswi kuipamba habari hii. Baadhi ya wagonjwa Wayahudi wa Bethel walichukuliwa mwaka ule ule na kuuawa. Walioweza kusimama walisimama, wala hawakuwaokoa wote.

Daktari wa Italia aliyelemewa si sawa na muuaji wa Berlin, wala hatusemi hivyo. Tunachosema ni kwamba tofauti kati yao haikuwa katika karatasi. Karatasi zote mbili zilikuwa na umri, ugonjwa na alama. Tofauti ilikuwa katika moyo wa anayeisoma na katika swali analouliza. Mmoja huuliza, "Nimfikieje huyu?" Mwingine huuliza, "Huyu ana faida gani?"

Onyo lisilotaka kutimia

Wapo washarika wanaotuuliza kama si kumpungukia Mungu imani kutaka kujua mapema nani ataugua sana. Siku zetu si zimo mikononi mwake? Zimo. Lakini Maandiko yana habari za maonyo ambayo yalitolewa ili yasitimie.

Yona alitumwa kuwaambia watu wa Ninawi kwamba mji wao utaangamizwa baada ya siku 40. Wakasikia, wakageuka, na mji haukuangamizwa. Yona alikasirika kana kwamba ameaibishwa, asielewe kwamba onyo lake lilifaulu kwa sababu halikutimia. Tena yuko mfalme Hezekia, katika sura ya 20 ya Wafalme wa Pili. Aliambiwa na Isaya kwamba atakufa. Akageukia ukutani, akaomba kwa machozi, naye akaongezewa miaka 15. Na katika habari ile ile nabii aliagiza dawa: mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa vilikaa chumba kimoja bila kugombana.

Namba ya CRP ni ya jamii hiyo ya maonyo. Haisemi, "Mzee huyu atakufa, jiandaeni." Inasema, "Fanyeni haraka." Daktari anayeisoma na kumkimbilia mgonjwa anatamani utabiri wake uwe wa uongo, na akifanikiwa hufurahi kuliko Yona alivyofurahi.

Sisi wa usharika hatuna maabara, lakini tuna miguu na macho, na tuna wazee tunaowajua kwa majina. Tangu mwaka ule kamati yetu ya diakonia ina daftari la wazee wote wa kila jumuiya. Anayewatembelea huandika jinsi mzee anavyokula, anavyotembea na anavyoongea siku za kawaida, ili siku akibadilika tujue amebadilika. Tumekubaliana kutosubiri homa. Mzee akikataa chakula ghafla, akianguka au akichanganyikiwa, anapelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, na anayempeleka anamweleza daktari kwamba juzi hakuwa hivi. Tulichanga tukanunua kifaa kidogo cha kidoleni cha kupima oksijeni. Ikishuka chini ya 94 hatukai kujadiliana. Tunawakumbusha watoto kwamba hospitalini lipo dirisha la wazee, na kwamba wanaweza kumwomba daktari kwa heshima aangalie kama kuna haja ya kupima damu.

Si mambo makubwa. Wala kila mzee aliyefikishwa mapema amepona, kwa maana ipo saa ambayo Bwana huita na sisi huachia. Lakini hata mwenye Zaburi ya 71 alimwomba Mungu asimtupe wakati nguvu zimemwishia, na tunaamini kwamba Mungu hulijibu ombi hilo, kwa sehemu, kwa kuwatuma watu.

Benchi la pili upande wa dirishani lina mzee mwingine sasa. Jumapili mbili zilizopita hakuonekana. Kabla ibada haijaisha, wawili kati yetu walikuwa wamekwisha kufika mlangoni kwake.